Filamu za Mvinyo kwa Mhudumu Asiyekunywa

Msomaji wetu wa Arusha, dada wa miaka 24, ameandika hivi: "Nimekuwa mhudumu wa kifungua kinywa hotelini kwa miaka miwili. Mwezi uliopita nilihamishiwa zamu ya usiku, upande wa mvinyo. Mkuu wangu ameniambia nitafute filamu za mvinyo nizitazame, eti nitajifunza haraka kuliko vitabuni. Nimekuta zipo nyingi na muda sina. Zipi hasa, na sehemu zipi ndani yake? Halafu nikwambie ukweli kaka, mimi sinywi pombe. Kazi hii nitaiweza?"

Mdogo wangu, mkuu wako amekushauri vizuri, ila amekuachia nusu ya kazi. Filamu zenye mvinyo ni nyingi mno, na katika nyingi chupa imewekwa mezani kama pambo: mishumaa inawaka, wapenzi wanagonganisha glasi, basi. Humo huvuni kitu. Nitakutajia zile ambazo ndani yake mtu ananusa, anafikiri, kisha anatafuta neno la kusema. Kufungua kizibo utakuzoea ndani ya wiki moja. Neno la kumwambia mgeni ndilo litakalokusumbua.

Nalijua hilo kwa sababu lilinisumbua mimi. Nilikuwa na umri kama wako, mhudumu katika hoteli moja Dar es Salaam, na nilikuwa nimekariri maelezo ya kila chupa iliyokuwa kwenye orodha yetu. Usiku mmoja mama wa makamo, mzaliwa wa Tanga, aliagiza Sauvignon Blanc ya Afrika Kusini, mvinyo mweupe wenye jina la zabibu yake, akaniuliza ina ladha gani. Nikamjibu kwa mkupuo mmoja kwamba ina harufu ya gusiberi. Akaniuliza, "Gusiberi ndiyo nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Tunda hilo sikuwahi kulishika wala kulionja. Nilikuwa nimelisoma mgongoni mwa chupa. Yule mama hakunicheka. Aliinua glasi akanusa, akanusa tena, akasema, "Mie naona pera. Pera gumu bado, ukilimega tu. Na pasheni." Nilipofika jikoni nikanusa tone lililobaki kwenye glasi nyingine. Pera lilikuwepo, pasheni ilikuwepo. Na alikuwa sahihi kwa vipimo vya wataalamu pia, maana zabibu hiyo inajulikana dunia nzima kwa harufu hizo mbili.

Tangu siku hiyo, filamu ya mvinyo naipima kwa jambo hilo: je, kuna mtu humo anayetoa neno kwenye maisha yake mwenyewe?

Anza na Sideways ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Alexander Payne. Marafiki wawili, Miles na Jack, wanazunguka mashamba ya zabibu ya Santa Barbara, California, wiki moja kabla Jack hajaoa. Ina matusi na mambo ya chumbani, kwa hiyo usiiweke sebuleni wazee wakiwepo. Tafuta sehemu ya mwanzoni wanapofika kwenye chumba cha kwanza cha kuonjea. Miles anamfundisha mwenzake: inua glasi uitazame kwenye mwanga, ilaze kidogo uone rangi inavyopauka pembeni, kisha tia pua ndani kabisa bila aibu. Yeye mwenyewe anaziba sikio moja kwa kiganja, macho yamefumba, anataja harufu moja baada ya nyingine: stroberi, pasheni, kwa mbali mboga ya bustani za Ulaya iitwayo asparaga, na jibini. Jack anaitikia kila kitu, amefurahi, mpaka Miles anagundua kuwa mwenzake muda wote huo anatafuna bazoka. Rudia kipande hicho mara tatu. Hatua za kuonja zimo zote, tena kwa mpangilio ule ule ninaoufundisha, na kosa la bazoka nimelikuta kwa wahudumu wengi. Ongeza na marashi. Ukiingia zamu ya mvinyo, marashi yaache nyumbani.

Katika filamu hiyo hiyo kuna tukio ambalo watu hulicheka, na mimi huwa linanihuzunisha. Vyumba vya kuonjea huwa na ndoo ya kutemea, kwa sababu mwonjaji wa kazi huonja chupa nyingi kwa siku na hazimezi. Miles, aliyetoka kupata habari kwamba kitabu chake kimekataliwa, ananyimwa kujaziwa glasi, anainyanyua ndoo ile na kuinywa mbele za watu. Nakutajia tukio hilo kwa sababu ya ndoo yenyewe. Wewe usiyekunywa ndiyo mwokozi wako, nitarudi hapo.

Lakini moyo wa Sideways uko barazani, usiku, Miles na Maya wakiwa wamekaa. Maya ni mhudumu kama wewe. Miles anaeleza kwa nini anaipenda Pinot Noir: zabibu yenye ngozi nyembamba, inayokomaa mapema, isiyovumilia kuachwa peke yake shambani. Kila mtazamaji anaelewa kuwa anajieleza yeye mwenyewe. Kisha Maya anasema anachofikiria akiwa na chupa mkononi: mwaka ule zabibu zilipokuwa zikikua jua liliwaka vipi, mvua ilinyesha au la, nani walizitunza na kuzichuma, na kama chupa ni ya zamani, wangapi kati yao wameshafariki. Hamna neno hata moja la kitaalamu humo, na hakuna mtaalamu aliyewahi kunieleza maana ya mwaka wa mavuno vizuri kuliko vile.

Mimi nimekulia Dodoma, na kila nikisikia maneno ya Maya nayaona mashamba ya Makutupora na Hombolo. Kwetu mzabibu haupati baridi ya kuulaza kama wa Ulaya. Mkulima anaupogoa, unachipua, na mavuno yanapatikana mara mbili kwa mwaka. Mgeni akikuuliza mvinyo wa Dodoma ukoje, usikimbilie kuulinganisha na wa Ufaransa. Mwambie hilo la mavuno mawili, na mwambie kuwa wengi wanaochuma ni familia za wakulima wadogo. Ataushika mkononi kwa namna nyingine.

Kuna jambo moja zaidi la Sideways litakalokufaa kazini. Miles anaichukia Merlot, zabibu nyingine nyekundu, na anapaza sauti kuikataa. Filamu ilipotoka, mauzo ya Pinot Noir yalipanda Marekani na Merlot ikapata jina baya, na mpaka leo utakutana na wageni Wamarekani wanaoikunjia uso bila kujua walikoanzia. Ila chupa ambayo Miles ameitunza miaka yote kama mboni ya jicho lake ni Château Cheval Blanc ya 1961, na mvinyo huo wa Bordeaux, Ufaransa, huchanganywa kwa zabibu mbili, Cabernet Franc na hiyo hiyo Merlot. Anaimalizia peke yake kwenye mgahawa wa vyakula vya haraka, kwa kujificha, akinywea kikombe cha kutupa. Itazame sura yake pale. Hapo mtu amechelewa kuifungua chupa yake.

Baada ya hapo nenda kwenye Uncorked ya mwaka 2020, ya Prentice Penny. Elijah ni kijana mweusi wa Memphis. Baba yake ana mgahawa wa nyama choma na anataka mwanawe aurithi. Kijana anataka kufaulu mtihani mkubwa wa wataalamu wa mvinyo. Mapema tu kwenye filamu, dada mmoja anaingia kwenye duka la mvinyo analofanyia kazi na hajui achukue nini. Elijah anamuuliza anapenda muziki gani. Kisha anazilinganisha zabibu tatu za mvinyo mweupe na wanamuziki wa rap: Chardonnay ichukulie kama Jay-Z, mkubwa wao, anakwenda na kila kitu. Pinot Grigio kama Kanye West, ina viungo kidogo. Riesling kama Drake, safi na tamu. Dada anaelewa papo hapo. Angalia mpangilio wa tukio: kijana ameuliza kwanza, akasikiliza, halafu ndipo akatumia lugha ya mteja. Angeanza na udongo wa Burgundy, eneo la mvinyo la Ufaransa, angempoteza. Wewe jaribu na mgeni wa Moshi kwa ndizi na ng'ande, na wa Unguja kwa karafuu na mdalasini. Mvinyo mwekundu uliokaa kwenye mapipa ya mwaloni mara nyingi una harufu za viungo hivyo kweli, wala humdanganyi.

Hadithi ya baba na mwana imo humo pia, na imeandikwa vizuri, hasa baba anapojikaza kuelewa mambo ya mwanawe mezani. Ile ya mtihani wenyewe utaiona kwa ukali zaidi kwenye Somm ya mwaka 2012, filamu ya hali halisi ya Jason Wise. Vijana wanne Wamarekani wanajiandaa kwa mtihani wa ngazi ya juu kabisa wa taaluma hii. Katika sehemu ya kuonja wanawekewa glasi 6 bila kuona lebo, wanapewa dakika 25, na lazima waseme kila moja ni zabibu gani, imetoka wapi na ni ya mwaka gani. Wanakesha, wanatema kwenye ndoo, wanagombana, wake zao wamechoka. Kwa mafunzo yako tazama robo saa ya mwanzo tu. Kuna mmoja anainusa glasi ya mvinyo mweupe na kusema inanukia kopo la mipira ya tenisi lililofunguliwa sasa hivi, na mpira mpya wa kumwagilia bustani. Watu wakisikia hivyo hudhani anajionyesha. Mimi namwamini. Alishafungua kopo hilo mara mia utotoni, ndiyo maana pua yake ilikwenda huko moja kwa moja. Yako itakwenda kwingine: dumu jipya la maji, vumbi la Arusha mvua ya kwanza ikigusa ardhi, mkungu wa ndizi mbivu stooni.

Sasa nakuja kwenye ile ambayo ningekulazimisha uitazame kama ningeweza. Inaitwa Blind Ambition, ya mwaka 2021, imeongozwa na Warwick Ross na Robert Coe, na ni habari ya kweli. Wazimbabwe wanne, Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Marlvin Gwese na Pardon Taguzu, waliikimbia nchi yao uchumi ulipoporomoka, wakaingia Afrika Kusini kutafuta riziki. Hakuna aliyekwenda kwa ajili ya mvinyo. Joseph anasimulia safari ya kuvuka mpaka ndani ya kontena lililofungwa, joto, watu wamebanana, hewa inakwisha. Baadaye anapata kibarua cha bustani kwenye mgahawa mmoja wa mji mdogo wa shamba za mizabibu, na kutoka bustanini anasogea mpaka mezani. Kufikia mwaka 2017 wote wanne ni wataalamu wa mvinyo katika migahawa na hoteli kubwa za Cape Town, na wanaunda timu ya Zimbabwe kwenda Burgundy, Ufaransa, kwenye mashindano ya dunia ya kuonja bila kuona lebo. Fedha za safari zilichangwa na watu.

Mashindano yenyewe ni glasi 12, sita nyeupe na sita nyekundu, na timu inatakiwa itaje zabibu, nchi, eneo, mzalishaji na mwaka. Kombe hawakurudi nalo. Nakwambia mapema ili usiitazame filamu kwa kusubiri kombe, ukapitwa na yaliyomo njiani. Tazama wanavyokaa mezani wakifanya mazoezi, vichwa vinne vimeinamia glasi moja, wanabishana. Tazama mikono: kila mmoja anaishika glasi kwa mguu wake, hakuna anayeikumbatia tumboni, kwa sababu joto la kiganja linaubadilisha mvinyo. Na sikiliza jinsi wanavyolifikia jibu. Hakuna kati yao aliyekulia kwenye nyumba yenye chupa kabatini. Matunda yaliyomo kwenye vitabu vya kuonja ni ya bustani za Ulaya, nao utotoni walikula matunda mengine kabisa. Ikabidi kila mmoja ajitengenezee kamusi yake, achukue harufu za nyumbani na kuzioanisha na majina ya vitabuni. Kazi hiyo ndiyo inayokusubiri wewe.

Tinashe baadaye alianzisha mvinyo wake mwenyewe na kuupa jina Kumusha, neno la Kishona lenye maana ya nyumbani, kule asili yako iliko. Nilipoliona neno hilo kwenye lebo mara ya kwanza nilisimama dukani nikaishika chupa muda mrefu. Lebo zote nilizokuwa nimezisoma miaka yote zilikuwa za makasri na familia za watu wa mbali. Hii ilikuwa na neno ambalo bibi yangu wa Kigogo angekaribia kulielewa.

Kwa upande wa kuhudumia wenyewe, filamu mbili za zamani zinatosha. Ya kwanza ni Babette's Feast, ya Denmark, mwaka 1987, ya Gabriel Axel, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Babette, mpishi mkimbizi kutoka Paris, anashinda faranga 10,000 za bahati nasibu na kuzitumia zote kuwapikia wazee wachamungu wa kijiji cha pwani. Wazee wale wanaogopa anasa, wamekubaliana wasiseme lolote kuhusu chakula wala kinywaji. Mgeni mmoja tu, jenerali, ambaye hakuwepo kwenye makubaliano hayo, anautambua kila mvinyo unaoletwa: Amontillado, mvinyo mkali wa Uhispania, na supu ya kasa, shampeni Veuve Clicquot ya 1860, kisha Clos de Vougeot, mvinyo mwekundu wa Burgundy. Anataja kwa mshangao, na wenzake wanamjibu habari za hali ya hewa. Lakini wewe mwangalie bibi mmoja mzee. Ameshaonja shampeni. Anachukua glasi ya maji, anakunywa funda moja, uso unamkunja, anairudisha mezani na mkono unakwenda polepole kwenye glasi ile nyingine. Hasemi kitu. Wageni wako wengi watakuwa hivyo; hawatakuambia kama wamependa, ila mkono utakuambia. Na umtazame yule kijana anayemimina, anavyozunguka meza bila haraka na bila kumkatiza mtu kauli.

Ya pili ni Notorious ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1946. Ni ya majasusi, Rio de Janeiro, na sehemu yako ni karamu ya usiku. Alicia ameuficha kiganjani ufunguo wa stoo ya mvinyo ya mumewe. Kamera inateremka kutoka juu ya ukumbi mzima mpaka inaufikia ufunguo ule. Hofu yote ya tukio inatokana na hesabu ya chupa. Shampeni kwenye barafu inapungua, na ikiisha mume atateremka stoo kuchukua nyingine na kumkuta Alicia na jasusi mwenzake. Kamera inarudi kwenye barafu tena na tena, na kila mara chupa zimepungua. Mhudumu yeyote aliyewahi kuishiwa kinywaji katikati ya harusi atalijua jasho hilo. Stoo nako chupa inaanguka, inavunjika, na ndani yake hamna mvinyo, kuna mchanga wa madini. Wanaibadilisha na nyingine, lakini mwaka ulioandikwa kwenye lebo haufanani na wa jirani zake, na mume anaugundua. Soma mwaka kabla hujaipeleka chupa mezani, kila mara. Mgeni ameagiza wa mwaka fulani, umempelekea mwingine, umemvunjia imani hata kama bei ni ile ile.

Ukitaka kuona lebo zinavyoweza kudanganya kwa makusudi, ipo Sour Grapes ya mwaka 2016, kuhusu Rudy Kurniawan, kijana aliyechanganya mvinyo wa kawaida nyumbani kwake California na kuuza kama ya kale yenye thamani kubwa. Aliyemwangusha ni Laurent Ponsot, mzalishaji wa Burgundy, aliyeona mnadani New York mwaka 2008 chupa za Clos Saint-Denis zenye jina la familia yake na miaka ambayo familia hiyo haikuwa inatengeneza mvinyo huo. Rudy alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2014. Bottle Shock ya mwaka 2008 nayo utaisikia ikisifiwa, ile ya mashindano ya Paris ya 24 Mei 1976 ambapo mvinyo wa California uliishinda Ufaransa. Tukio la kweli ni kubwa kuliko filamu. Chardonnay ya Chateau Montelena iliongoza nyeupe, ndiyo, lakini aliyeitengeneza, Mike Grgich, filamu imempitia kando, na hilo siliungi mkono. Iache mpaka upate likizo.

Sasa swali lako la mwisho, la kutokunywa. Utaiweza. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha huja kwa pua, na pua haileweshi. Kama kilichokuzuia ni chaguo lako tu, tia funda dogo mdomoni, lizungushe, litemee kwenye ndoo. Ndivyo wafanyavyo hata wanaokunywa. Kama dini yako haikuruhusu hata kuutia mdomoni, nusa, angalia rangi, na mwombe mwenzako mmoja mwenye ulimi mwaminifu akuambie mambo mawili tu: uchachu ni kiasi gani, na ukakasi ni kiasi gani. Ukakasi unaujua tayari. Ni ule unaokubana fizi ukila bibo la mkorosho. Mvinyo mwekundu mchanga hubana vivyo hivyo, na ndiyo maana huendana na nyama yenye mafuta.

Jumapili hii tazama Blind Ambition. Jumatatu, ukipita soko la Kilombero, nunua pera moja gumu na moja bivu, pasheni, limau, nanasi, kipande cha mdalasini na karafuu tano. Kata vipande, kila kimoja kwenye glasi yake tupu ya mvinyo, funika kwa visahani kwa dakika kumi. Mwombe mtu azipange bila wewe kuona, kisha ufumbe macho, unuse, uandike. Fanya hivyo jioni tatu kabla ya zamu, halafu uifungue Sauvignon Blanc ya kwanza kwenye orodha yenu na uitie pua.